Wembanyama alinileta ukumbini, mechi ya saa kumi na moja ndo ilinibakiza

Niseme mapema kabisa, mimi sio mchambuzi wa michezo, mimi ni mtu wa kikapu tu, nimecheza ligi ya mkoa Dar miaka kadhaa, benchi zaidi kuliko uwanjani, alafu maisha yakanipeleka Ufaransa kwenye kazi za jikoni. Ikatokea kwamba msimu wa 2022/23 nilikua naishi stesheni chache tu kutoka kwenye ukumbi ambao dunia nzima ya kikapu ilikua inautolea macho. Washkaji wa nyumbani wananiuliza mpaka leo msimu ule ulikuaje, kila nikijibu kwa voisi noti inakua ndefu wanaiacha katikati, mmoja akaniambia andika bana tutasoma taratibu. Haya, nimeandika.

Ukumbi unaitwa Marcel-Cerdan, jina la bondia wao wa zamani, uko Levallois, mji umebanana na Paris upande wa kaskazini magharibi, unapanda metro namba 3 unaenda nayo mpaka inapoishia. Ukiwa na picha ya zile arena za NBA kichwani, ifute. Ni ukumbi wa manispaa, watu kama elfu tatu hivi na hapo umejaa, viti vya plastiki, kaunta moja ya sandwichi na bia inaendeshwa na watu wazima wanaojitolea tu, hawalipwi, wengine wameanza kuuza sandwichi pale kabla wachezaji wenyewe hawajazaliwa. Timu ilikua inaitwa Metropolitans 92, hiyo 92 ni namba ya mkoa wao, Hauts-de-Seine, na watu wa huku wanajitambulisha kwa namba ya mkoa hata kwenye mtaa, usishangae.

Na ndani ya hiyo timu alikuepo Victor Wembanyama, dogo wa miaka 18 kwenda 19, urefu mita 2 na sentimita 20 na ushee, anapiga pointi tatu na kudribo kama wafupi. Mama yake alicheza na kufundisha kikapu, baba yake ana asili ya Kongo na alikua mwanariadha wa miruko, mtoto wa nyoka ni nyoka. Mwanzoni mwa msimu watu walikua wanamjua ila hawajawehuka. Mwezi wa kumi timu ikaenda Las Vegas kucheza mechi mbili za kirafiki na G League Ignite, timu ya vijana wa Marekani iliyokua chini ya NBA, tarehe 4 na tarehe 6, akapiga pointi 37 ya kwanza, 36 ya pili, basi ikawa ndo hivyo. Waliporudi NBA wenyewe wakaanza kurusha mechi za Levallois bure kwenye app yao, na kwenye metro namba 3 jioni ya mechi ilikua kama daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni, jezi za kila rangi, Wamarekani wanauliza njia, watoto wamebebwa mabegani, na pale viti vya chini unaona wanaume wenye makoti mazuri na laptop, hao ni maskauti, watafuta vipaji wa timu za NBA, hawashangilii kitu, hata mtu akidunki juu ya vichwa vya watu watatu wao wanaandika tu.

Kiukweli mimi nilienda kumwangalia yeye, kama wengine wote. Na nimemwona. Zile bloku zake kwenye video hazionyeshi kitu muhimu, video inakuonyesha mpira ulivyozuiwa, ila ukiwa ukumbini unaona mipira ambayo haikurushwa kabisa, mchezaji anaingia vizuri tu chini ya ringi, anamwona, anageuka anatoka nje na mpira wake, shuti hakuna, na hiyo haiandikwi kwenye takwimu yoyote. Msimu ule alimaliza na wastani wa pointi 21.6, ribaundi (mipira anayodaka shuti likikosa) 10.4 na bloku 3 kwa mechi, akachukua MVP, yani mchezaji bora wa ligi, akiwa na miaka 19, hakuna mdogo kuliko yeye aliyewahi kuipata. Mtu aliyezoea NBA anaweza kusema 21 ni za kawaida. Sikiliza, huku mechi ni dakika 40 sio 48, alafu sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, zinamruhusu beki kusimama chini ya ringi muda wote anaotaka, hakuna ile sheria ya sekunde tatu za ulinzi waliyonayo NBA, kwaiyo kila akiingia ndani anakuta watu wawili wamesimama wanamsubiri kwa viwiko, na marefa wa Ufaransa wanaacha mchezo uende. Kuna mechi alikua anasukumwa kiunoni mwanzo mwisho na mtu mfupi mnene mpaka nikamwonea huruma.

Kitu kingine nilichokiona kwake ni ratiba. Msimu wa nyuma alikua ASVEL, ile timu ya Villeurbanne ambayo bosi wake alikua Tony Parker, nyota wa zamani wa NBA, ASVEL walikua wanacheza ligi na EuroLeague, ligi ya klabu kubwa za Ulaya, kwa pamoja, mechi juu ya mechi, na dogo aliumia umia. Levallois msimu ule hawakua na mashindano ya Ulaya, kwaiyo kwa kawaida ni mechi moja kwa wiki, siku zinazobaki anajenga mwili, mpaka mazoezi ya vidole vya miguu yalikuepo. Kocha alikua Vincent Collet ambae ndo huyo huyo alikua kocha wa timu ya taifa, kwaiyo alijua huyu ni mali ya miaka kumi na tano ijayo sio ya Jumamosi hii. Ligi msimu ule ilikua na mechi 34, alicheza zote 34. Sasa mimi nakumbuka Dar dogo mzuri akitokea, wiki moja anacheza ya shule, ya mtaa, ya klabu, na bonanza la Jumapili, yote juu ya zege, akifika miaka 20 magoti yamekwisha na sisi tunasema alikua mvivu wa mazoezi.

Lakini sasa kilichonibadilisha mimi sio hicho.

Kuna Jumamosi zamu yangu jikoni iliisha mapema, kurudi nyumbani alafu nitoke tena niliona ni kupoteza nauli, nikaenda moja kwa moja ukumbini, saa kumi na moja jioni, mechi ilikua saa mbili usiku. Nikakuta mlango uko wazi na ndani kuna mechi inachezwa. Ukumbi mtupu. Wazazi wachache wameketi na makoti yao, watoto wanakimbizana kwenye ngazi, na uwanjani vijana wamevaa jezi zile zile za Metropolitans wanacheza na vijana wa timu ile ile ambayo usiku wakubwa wao watacheza na wakubwa wa Levallois. Nikauliza nikaambiwa hii ndo Espoirs. Yani kila klabu ya ligi kuu inatakiwa iwe na kituo chake cha kukuzia vijana na timu ya chini ya miaka 21, na hiyo timu ina ligi yake kamili, na ratiba inafuata ya wakubwa, mkubwa akisafiri kwenda Cholet na mdogo yumo, wanacheza uwanja ule ule, ringi ile ile, masaa machache kabla.

Nilikaa. Ukumbi ukiwa mtupu unasikia kila kitu, viatu vinavyolia kwenye mbao, kocha anavyomwambia namba fulani umechelewa kusaidia, umechelewa tena, na dogo anaitikia kwa kichwa huku anakimbia. Kocha yule hakumtukana mtu hata mara moja ila alirudia neno hilo hilo mpaka mimi kule juu nikaanza kuangalia nani anachelewa kusaidia, na nakuambia tangu siku hiyo siwezi kuangalia mechi bila kuangalia hilo.

Na kulikua na dogo mmoja mwembamba, mikono mirefu, anakimbia kama sakafu inamsukuma, anaiba pasi, anaenda mwenyewe mpaka mwisho anadunki, ukumbi wa watu hamsini unapiga makofi kidogo, anarudi kukaba. Nikamuuliza mama aliyekaa karibu yangu, huyu nani. Akaniambia Bilal Coulibaly.

Huyu mama nimwelezee kidogo. Mtu mzima, miaka sitini na kitu, anakuja na daftari la shule lile la mistari na kalamu ya risasi, anaandika kila dogo amepoteza mipira mingapi. Mipira iliyopotezwa tu, pointi haandiki. Nilidhani ana mjukuu pale, hana. Nikamuuliza sasa kwa nini unakuja saa hii, akasema wakubwa anaweza kuwaona kwenye televisheni, hawa hawaonyeshwi popote. Tukawa tunakaa pamoja, mimi nikitoka kazini namletea kipande cha keki kutoka jikoni kwetu, yeye ananifundisha nani ametoka klabu gani ya mtaa, nani amekua sentimita ngapi tangu msimu uliopita, nani anasoma vizuri. Wembanyama mwenyewe alikua anampenda ila kwa mbali, aliwahi kuniambia huyo ni mgeni wetu, ametulia kwetu kidogo anaendelea na safari. Na ndivyo ilivyo, Wembanyama hakukulia Levallois, kikapu alikulia klabu ya Nanterre jirani hapo, alijiunga nao akiwa mtoto wa miaka kumi. Coulibaly ndo alikua wa kwao.

Msimu ulipoanza Coulibaly alikua mtu wa saa kumi na moja zaidi, kwa wakubwa anapewa dakika za mwisho mechi ikishaamuliwa. Kadri miezi ilivyokwenda dakika zikaongezeka, akawa anawekwa amkabe mchezaji bora wa timu pinzani, na kufika mtoano yumo kwenye kikosi kinachoanza. Maskauti walikuja kwa ajili ya mmoja wakajikuta wanaandika majina mawili. Sisi watu hamsini wa jioni tulikua tunatazamana tu.

Sasa nilipompigia kocha wangu wa zamani kule Dar nimwelezee, ilikua hivi. Shikamoo kocha. Marahaba mwanangu, za huko kwenye baridi? Nikaanza kumwaga, Espoirs, vituo, saa kumi na moja. Akanisikiliza mpaka mwisho alafu akaniuliza swali moja, Hashimu alianza kucheza akiwa na miaka mingapi? Anamaanisha Hasheem Thabeet. Nikamwambia kumi na tano. Akasema basi. Akanyamaza, anajua nimeelewa. Kwa wasiofatilia, Hasheem ni Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, 2009 alichaguliwa wa pili kwenye drafti, ile siku timu za NBA zinachagua vijana kwa zamu, Memphis walimchukua kabla ya James Harden aliyetoka wa tatu na Stephen Curry aliyetoka wa saba, na miaka yote tumemcheka na kumlinganisha na hao wawili. Curry ni mtoto wa mchezaji wa NBA. Hasheem alishika mpira kwenye umri ambao Wembanyama alikua ameshamaliza miaka mitano Nanterre na yuko mbioni kuingia timu ya wakubwa. Kufika wa pili duniani kwa mwanzo ule ni maajabu, mimi siku hizi mtu akimcheka Hasheem mbele yangu tunagombana.

Ukumbini nilikutana pia na Wakongo wengi, wanakuja kwa ajili ya jina la Wembanyama, wengi wanaongea Kilingala ila kuna jamaa mmoja wa Lubumbashi alinisikia naongea na simu akageuka, kaka, uko mutu wa Tanzania? Basi ikawa urafiki. Huyo kila mechi lazima anikumbushe kwamba Bismack Biyombo ni wa Lubumbashi na Jonathan Kuminga ni wa Goma, kwaiyo kwenye NBA Kiswahili kinawakilishwa na Kongo na sisi Watanzania tukae kimya. Namkumbusha Hasheem. Anacheka, tunaenda kununua sandwichi. Yeye saa kumi na moja hakuja hata siku moja, anasema hawezi kupoteza jioni nzima kuangalia watoto.

Kuna safari moja lazima niiseme, Limoges. Nilipata siku mbili za mapumziko nikapanda treni. Limoges ni mji wa vyombo vya kaure, watu laki moja na ushee tu, na kule kikapu ni dini, mpira wa miguu hausikiki. Ukumbi wao unaitwa Beaublanc. Mwaka 1993 hawa watu wa mji huu mdogo walikwenda Athens kwenye fainali ya klabu bingwa Ulaya wakawafunga Benetton Treviso ya Toni Kukoč 59 kwa 55, soma tena hizo namba, 59 kwa 55, kocha wao Božidar Maljković aliwakaba watu mpaka Ulaya nzima ikalalamika kwamba wanaua mchezo. Watu wa pale watakutajia kwa mshipa wa shingo kwamba klabu yao ilibeba klabu bingwa Ulaya kabla ya Marseille ya mpira wa miguu, zilipishana wiki chache tu mwaka ule ule. Miaka thelathini ilikua imepita na nikakuta kijana wa miaka ishirini, hakuwepo duniani, ananielezea mechi ile kota kwa kota. Na ukumbi unaimba hata timu ikiwa nyuma pointi kumi na tano. Levallois hatukua na hicho kitu, lazima niwe mkweli, kwetu watu walikua wanakuja kurekodi video, mtu akianza kuimba wenzake wanamgeukia.

Cholet sikwenda ila niliwaona walipokuja kwetu. Mji mdogo kabisa magharibi huko, ila Rudy Gobert ametokea kwenye kituo chao, Nando De Colo pia, wote wawili wakafika NBA, na vijana wao wa saa kumi na moja walicheza vizuri kiasi kwamba yule mama daftari lake upande wao lilibaki karibu jeupe, akakasirika.

Alafu kuna upande wa chini wa msimamo, huo NBA hawana na ndo utamu wenyewe. Msimu ule timu zilikua 18, mbili za mwisho zinashuka daraja. Mwezi wa nne na wa tano mechi za timu za chini zinachezwa kwa roho mkononi, mtu anaruka juu ya meza ya waandishi kuokoa mpira mmoja. Msimu ule walioshuka ni Fos-sur-Mer na Pau. Pau bana! Pau-Orthez mabingwa wa Ufaransa mara tisa, timu ambayo mwaka mmoja nyuma tu, 2022, ilichukua kombe la Ufaransa. Pesa ilivurugika, wamiliki wakabadilika, na huku kuna chombo cha ligi kinaitwa DNCCG kazi yake ni kukagua mahesabu ya klabu, wanakuita unaleta vitabu vyako, wakiona hesabu haikai wanaweza kukupiga faini, kukuwekea kikomo cha mishahara ya wachezaji, mpaka kukushusha daraja hata kama uwanjani ulishinda. Nilivyosikia mara ya kwanza niliwaza klabu zetu zikiitwa kwenye meza hiyo, nani angebaki. Ila tusijidharau sana, maana nitakachosema mbele kidogo kinaonyesha hata ukaguzi hauokoi kila mtu.

Mtoano. Levallois walimaliza wa pili nyuma ya Monaco. Ndiyo, Monaco ile ya kifalme inacheza ligi ya Ufaransa, na ukumbi wao uko chini ya uwanja wa mpira, kabisa, uko tumboni mwa stediamu ya Louis II. Nusu fainali tukawatoa ASVEL waliokua mabingwa watetezi, mechi tatu kwa moja. Fainali ni Monaco ya Mike James, Mmarekani anayechezesha timu yao, timu iliyotoka kushika nafasi ya tatu EuroLeague mwezi huo wa tano, wanaume watupu, mishahara mikubwa, na hapo ndo nikaona tofauti ya timu na timu yenye staa. Mike James anakuja na skrini, yani mwenzake anasimama kumzibia njia beki anayemkaba, Wembanyama anabaki chini kulinda ringi, James anasimama anapiga shuti la katikati. Wembanyama akitoka nje, pasi inaenda kwa mtu aliyeachwa. Mara mia. Hakuna aliyekua na haraka. Tukafungwa tatu bila.

Mechi ya tatu, tarehe 15 mwezi wa sita, ilichezwa Roland-Garros, uwanja wa tenisi wenyewe wa Philippe-Chatrier, mashindano ya tenisi yalikua yameisha Jumapili yake, wakatandika mbao juu ya udongo mwekundu. Nilipata kiti cha juu kabisa, wachezaji wadogo kama punje, hata Wembanyama nilikua natafuta. Iliisha 92 kwa 85, yeye alipiga 22. Watu walikaa muda mrefu baada ya filimbi wakimpigia makofi na Monaco wanabeba kombe lao la kwanza la ligi huku nusu ya uwanja inapiga picha upande mwingine, niliwaonea aibu kidogo, mabingwa walistahili zaidi ya pale.

Wiki moja baadae drafti, kwa saa za huku ni saa nane usiku, nilikua nimetoka kazini nikaangalia kwenye simu jikoni kwetu na vijana wa kuosha vyombo. Wembanyama wa kwanza, San Antonio, hiyo haikua habari. Tukasubiri. Wa saba, Bilal Coulibaly, kofia ya Indiana kichwani na usiku huo huo akawa wa Washington. Nilipiga kelele mpaka meneja akashuka. Wale vijana hawakuelewa, wanauliza si yule mrefu ameshatajwa, nikawaambia nyie hamjui, huyu nilimwona akiwa na watu hamsini. Watu wawili kutoka ukumbi ule wa viti vya plastiki ndani ya saba wa kwanza duniani.

Sasa klabu. Wote hao waliondoka, Collet aliondoka, wachezaji karibu wote wakaondoka, na msimu uliofata, 2023/24, Metropolitans 92 walimaliza wa mwisho kwenye ligi wakashuka. Kutoka fainali mpaka mkiani ndani ya mwaka mmoja. Nilienda mechi kadhaa mwanzoni. Tiketi unanunua mlangoni unachagua kiti, maskauti hakuna, Wamarekani hakuna, jamaa wangu wa Lubumbashi hakuna. Yule mama alikuepo, na daftari jipya. Sina hasira na Wembanyama hata kidogo, alikuja kwa mwaka mmoja na kila mtu alijua, ila najiuliza pesa na macho yote yale yalipita pale ukumbini yakaacha nini, maana hata rangi ya kuta haikubadilika. Timu haina misingi ya watu, inakua na watazamaji tu, na watazamaji wanahama na mtu waliyemfuata. Limoges ishawahi kufilisika na kushushwa mpaka daraja la tatu ikarudi, kwa sababu kuna watu pale wanaojua 59 kwa 55.

Na ligi yenyewe haikutikisika. Mwaka 2024 drafti ikaja, wa kwanza tena ni Mfaransa, Zaccharie Risacher, aliyekua anachezea Bourg-en-Bresse, mji ambao Mfaransa mwenyewe anaujua kwa kuku. Wa sita Tidjane Salaün wa Cholet. Nilimtumia kocha ujumbe, umeona? Hakunijibu siku hiyo.

Mimi siku hizi naenda Nanterre, ni karibu pia, na naenda jioni ile ile ya mapema, wakubwa wakianza wakati mwingine nishaondoka kama kesho nina zamu ya asubuhi. Nimeanza na mimi kuandika, sio mipira iliyopotezwa, naandika nani alichelewa kusaidia.

Kocha alikuja kunijibu baada ya muda, kwa simu, hasira zimejaa. Wewe mwanangu unakaa huko unaniambia vituo, vituo, nani atalipa taa? Nani atalipa maji? Nikamwambia kocha, mimi sijasema kituo, nimesema mechi moja tu ya vijana kabla ya mechi ya wakubwa, uwanja ushalipiwa, magoli yapo, saa hizo uwanja umekaa bure watu wanapiga stori. Tukabishana karibu saa nzima, akaniambia marefa watataka hela, nikasema watumie wachezaji wa benchi, akacheka kwa mara ya kwanza, akasema kama ulivyokua wewe. Haya. Wameanza baadhi ya Jumamosi, chini ya miaka kumi na nane, kota za dakika nane kwa sababu ya jua. Marefa ni watu wa benchi wa timu kubwa kweli, na wanalalamikiwa na wazazi kila wiki, juzi mama mmoja aliingia mpaka katikati ya uwanja kudai faulo ya mwanae, mechi ikasimama, na kwa video niliyotumiwa mimi naona mama alikua sahihi.